Kifuniko cha Nyuma

Kayaki ya marehemu baba haikuwa ya baba.
Aliachiwa na mtafiti wa furu, mwaka ule
alipokuwa anadai mshahara wa ulinzi wa miezi mitatu.
"Chukua hii," akaambiwa. Akaichukua,
akaivuta kwa toroli kutoka Nyegezi hadi Luchelele,
watoto nyuma yake wakiiita ndizi,
maana ilikuwa ya manjano, na imepinda.

Sasa ni yangu. Tundu la mbele lina kifuniko.
La nyuma liko wazi kama kinywa
cha mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Wimbi la nyuma linaingia humo bila hodi,
na maandazi mia mbili ya wavuvi wa dagaa
yanafika kisiwani yakiwa uji.

Nikapima kwa kamba ya kiatu: fundo hapa, fundo pale.
Nikaenda nayo mjini, mfukoni, kama hirizi.

Mwaloni, kifuniko cha ndoo ya rangi. Kikapwaya.
Cha ndoo ya mafuta ya kula. Kikagoma.
Makoroboi, fundi Ngasa akaishika kamba,
akaitazama, akanitazama mimi.
"Mguu wa nani huu?"
"Wa boti."
Hakucheka. Akakata bati la debe, akalikunja ukingo,
likakaa kana kwamba lilizaliwa pale,
siku nane.
Ya tisa, kutu.
Ya kumi na moja likaachia, likazama
bila hata kuaga.

Nyumbani mama alikuwa anachambua mchele.
Hajawahi kuipenda boti ile;
"mshahara unaoelea," ndivyo anavyoiita.
Akanyanyuka, akafunua sufuria ya maharage,
mvuke ukampanda usoni,
akanipa kifuniko kwa ncha ya khanga, kingali cha moto.
"Jaribu."

Nikakivisha mpira wa tyubu ya baiskeli ukingoni,
nikakishusha polepole.
Ndi!
Kishikio kikatazama juu, na kando yake
pale kilipobonyea, siku mama alipokipiga kwa mwiko,
siku ile ndizi ilipoingia uani.

Alfajiri nikapiga kasia. Mawimbi yakapanda nyuma yangu,
yakabisha hodi kwa mara ya kwanza,
yakakosa mlango, yakashuka.
Wavuvi walikuwa wanazima taa zao.
Wakala maandazi makavu, wakanyamaza, wakaongeza.
Bwire peke yake akasema yana harufu ya maharage.
Sikukana.

Siku hizi sufuria yetu inafunikwa kwa sahani,
ya bluu, yenye ufa, na jiwe juu yake.
Mvuke unatoroka upande mmoja.
Mama anasema maharage yanachelewa kuiva.
Hasemi zaidi ya hapo. Anachochea kuni.

Ile kamba ya kiatu bado ninayo.
Jana, alipotoka kuteka maji,
niliipitisha mdomoni mwa sufuria, fundo kwa fundo.
Kesho napanda tena Makoroboi.