Sehemu B, Swali la Nne

Kishikwambi kimeuliza:
Je, kaya hii ni ya wenyeji wa asili?
Vijumba viwili, NDIYO na HAPANA,
na kimoja tu kinakubali kidole.

Tuko Chahwa, saa sita kasoro,
jua limetukalia kama deni la dukani.
Bibi Mbeleje anapepeta uwele,
upepo unamsaidia bila mkataba.
Nimesema Mbukwenyi. Amejibu Mbukwa,
kisha akanitazama viatu.

Swali nalitia kwenye Chigogo, linagoma.
Naituma "asili", inarudi "mbeyu".
Mbeyu ni ukoo, mbeyu ni mbegu,
na mbegu, anasema, haizaliwi na shimo ililofukiwa.
Ilitoka mkononi mwa mtu.

Anaweka ungo chini.

Babu wa babu yake alitoka Uhehe
na mbuzi watatu, na kesi
ambayo hadi leo hakuna aliyeimaliza.
Mama wa bibi yake alikuja na msafara wa Wanyamwezi;
miguu ikamvimba hapa hapa,
mzigo ukaendelea pwani bila yeye.
"Hata hilo jina la Wagogo, tulipewa na wapita njia
waliotukuta tumekaa juu ya gogo.
Ndivyo wanavyosema.
Mimi gogo lenyewe sijaliona."

Basi lini, bibi, lini mkawa wa hapa?

Mwaka wa Mtunya, anasema,
watu walipopika ngozi za kulalia,
mama yake, kimo cha kinu,
aliwekwa rehani kwa vibaba viwili vya mtama.
Aliyempokea hakumuuliza kabila.
Alimuuliza: mlenda unaujua?
Akaenda porini, akarudi na majani yanayoliwa
na hakuna aliyekufa usiku ule.
Asubuhi walimwita kwa jina la nyumba.

Mwenyeji: mwenye mji.
Nilifundishwa hivyo chuoni, nikashinda mtihani.
Ila mji umemjia bibi kwa miguu yake wenyewe,
umepanda bikoni tatu kando ya zizi,
ya nne ndani ya jiko,
na sasa ni mji unaomuuliza yeye
amefika lini.

Kuna chale ya duara katikati ya paji lake.
Walipokuja wa vitambulisho walitaka kidole,
na kidole, miaka sitini ya jembe
imekifuta kama ubao wa shule.
Walimrudisha mara tatu.
Mara ya tatu aliwainamishia paji:
"Someni hapa, basi."
Mashine haikuwa na mahali pa paji.

"Na wewe? Mbeyu yako ipi?"

Nami, mtoto wa Area C,
ambaye Chigogo changu ni kama mshahara,
hakifiki mwisho wa mwezi,
nataja jina la babu, kwa kuwa ndilo nililo nalo.
Lungwa. Lungwa wa Mvumi.

Anacheka mpaka uwele unamwagika.
"Lungwa! Tulimpa ng'ombe wawili awalishe,
maziwa yake, ndama wetu.
Ndama wa tatu hakurudi.
Alisema fisi. Fisi gani anayeacha kamba
imefunguliwa vizuri?"

Ananishika mkono, anaugeuza,
anautazama kiganja kana kwamba ndama yumo.
"Basi wewe ni wa hapa.
Unadaiwa."

Nimekaa. Nimevuliwa kitu, nimevikwa kingine,
sijui kipi kina uzito.
Mgeni hadaiwi hivi.
Mgeni hupewa maji, huagwa, husahauliwa.

Swali la nne nimeliacha wazi.
Kishikwambi kinakataa kwenda la tano.
Bibi Mbeleje ameurudia ungo wake
na makapi, taratibu,
yananijaa viatuni.