Mgongo wa Mbarouk

Mnaniuliza habari zake, basi ulizeni vizuri.
Uso wake wengi wanaujua, ulitoka magazetini.
Ninaoujua mimi ni mgongo.
Miaka tisa nimeusoma kama juzuu:
kovu la tawi la mkarafuu chini ya bega la kushoto,
jasho linavyoanza kwenye uti
kabla hatujaiona Wete.

Alianza na mvua.
Konde, msimu wa vuli, karafuu zimeanikwa majamvini
mbele ya nyumba ya mama yake, Bi Kazija,
na wingu linashuka kutoka msitu wa Ngezi
bila ya kupiga hodi.
Sisi wengine tulikimbilia barazani.
Yeye alikimbilia jamvi.
Mtu mwenye karafuu za mama uwanjani
hangoji filimbi ya mwalimu.

Viatu tulikuwa navyo jozi moja, watu wawili.
Vilikuja katika bunda la mitumba, namba arubaini na mbili,
cha kushoto kimeliwa kisigino.
Yeye alfajiri, mimi baada ya alasiri,
na baina yetu vilikaa dirishani kwa bibi yangu
vikinuka kama mbuzi aliyerowa.

Siku ya mashindano, Gombani,
tukarusha sarafu.
Nikapata mimi.
Wallahi nilifurahi, siwafichi.
Mizunguko ishirini na tano.
Wa kumi na nane ukanikuta nyuma yake,
yeye pekupeku, nyayo nyekundu kwa vumbi,
ananionesha soli aliyopewa na Mungu,
inapanda, inashuka, inapanda,
kama mkono wa mwanamke anayepepeta.
Nilivaa viatu, nikawa wa pili.
Andikeni hivyo hivyo.

Baadaye wakamchukua. Unguja, kisha Bara, kisha nchi
ambako, aliniandikia, pumzi inatoka kinywani kama moshi wa jikoni
na watu wanakimbia barabarani
hali hawafukuzwi na chochote.
Akashinda huko. Akashinda tena.
Tulimsikia kwenye redio ya dukani kwa Ngwali,
mtangazaji akilivunja jina lake vipande viwili,
sisi tukiliokota na kuliunga.
Nilikuwa nampimia mtu mchele.
Mkono ukazidisha pishi nzima,
na Ngwali akanyamaza.

Kisha goti.
Goti halina hadithi ndefu. Asubuhi moja lilikataa,
daktari akalitia kisu, likakubali nusu.
Akarudi kwa boti, begi moja,
medali saba ndani ya soksi.
Sita zimo kabatini. Ya saba Bi Kazija
kaifunga juu ya kifuniko cha mtungi
paka asitie mdomo.
"Nzito," alisema. "Imefaa."

Siku hizi tunasali safu moja.
Juzi tumetoka isha, njia ni ile ile ya Wete,
ina lami sasa,
naye akachelewa hatua moja, akachelewa mbili,
nikashtukia niko mbele.

Mbele yangu hapana mtu.
Giza tu, na harufu ya makonyo,
na barabara ambayo sijapata kuiona
bila ya mgongo wake katikati.
Miaka yote ile niliitaka. Haya, chukua.
Sikujua miguu niiweke wapi.

Nikainama kufunga kamba za viatu.
Alinipita taratibu, akiliburuta goti,
akakohoa, akasema bila ya kugeuka:
"Weye Shaame,
toka lini kandambili zikawa na kamba?"