Cherehani ya Popo

Cherehani hii nyeusi, yenye picha ya kipepeo ubavuni,
aliinunua Shaame kwa fedha ya popo.
Simsengenyi; marehemu hasengenywi.
Nasema kwa kuwa usiku huu nimekatisha kushona,
na godoro la bwana harusi limebaki mdomo wazi.

Waliwalengea kule makaburini, Mtambwe,
ambako hakuna aliyethubutu kuchanja hata kuni.
Walikuwa maelfu, vichwa chini, miguu juu,
wamejitanda mbawa kama mawifi ndani ya mabuibui,
wakiteta.
Mshindo mmoja wa gobori, mchana ukawa mweusi.
Wa pili. Wa tatu.
Mpaka watoto wakachoka kuokota.
Gunia kwa gunia hadi Wete.
Wengine walisema haramu, wengine makuruhu;
sufuria haikuuliza.
Nami nilizipanga noti juu ya kitanda,
nikacheka. Wallahi nilicheka.

Mwaka wa kwanza hatukuona kitu.
Wa pili tukasema afadhali,
bati halina mavi, usiku hauna makelele.
Wa tatu mazambarau yakaozea juu ya mti,
nzi wakahamia majikoni.
Kisha Mize Faki, aliyeniletea sufi
pishi kwa pishi tangu nikiwa mwari,
akaja na pakacha jepesi, kalifunika kwa kanga
kama anayeficha aibu ya nyumba.
"Miti ipo," akasema. "Maua yapo.
Makaka ndiyo hayapo."

Ua la msufi hufunguka usiku.
Sikulijua hilo; nani akeshe akitazama mti?
Giza likiingia lafungua mlango,
laandaa utamu wake sebuleni,
latoa harufu chachu, kama maji ya dafu la juzi,
na lasubiri hodi.
Alfajiri laanguka na karamu yake yote, haijaonjwa.
Nimeyakanyaga kwa mamia njiani kwenda kisimani,
yakinata kwenye kandambili.

Kombo seremala naye ana yake.
Konde zilizolazwa miaka kumi, asema,
hazina mche hata mmoja wa mvule.
"Tulidhani unajiotea."
Kumbe walikuwepo wakulima wetu wa usiku,
wakipanda kwa matumbo yao,
bila jembe, bila ujira,
na sisi tukawala na pilipili.

Sasa natia sponji iliyokatwakatwa, natia matambara,
natia nailoni inayochemsha shingo.
Wateja hurudisha mito:
Bibi, huu hauna usingizi ndani yake.
Nitawajibu nini?
Usingizi wenu niliushonea cherehani.

Juzi nilipasua mto wa mama yangu,
ule aliofia.
Ndani, katikati ya sufi iliyogeuka rangi ya chai,
mlikuwa na mbegu kumi na tatu, nyeusi, kama pilipili manga.
Nimezitia kwenye kopo la maziwa lenye udongo.
Pengine zimekufa siku nyingi.
Pengine zitaota, maana mbegu haina kinyongo,
zitafika juu ya paa mimi nikiwa chini ya mchanga,
zitafungua milango yao gizani.
Na atakayebisha?

Ndiyo maana nimenyamaza.
Sasa hivi, upande wa makaburi, nimesikia bawa.
Moja tu. Au ni kanga kwenye kamba ya nguo.
Sikutoka kutazama.
Nimeuzuia mguu wangu juu ya pedali,
nisije nikamtisha.