Tundu la Dole Gumba

Alikuja saa nne na baiskeli nzima.
Nikaikagua kwa jicho: mnyororo haulii,
gurudumu halichezi, breki zinashika.
"Si hiyo," akasema, akafungua pindo la kanga,
akatoa kisu cha kukunja, mpini wa pembe
uliopita mikononi mwa watu mpaka ukang'aa.

Hapa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tano,
naletewa pedeli, naletewa tairi
zilizolala usiku na kuamka bila upepo.
Kisu, tangu nifungue banda, ndiyo kwanza.

Mwantumu Singano, mtu wa Muheza,
kazi yake kubebesha michungwa:
hupasua gome la mlimau, huchomeka jicho la chungwa,
hufunga kwa nailoni, huinuka, huinama tena,
miche mia kwa siku kama mgongo umeridhia.

"Tazama ubavu huu." Nikatazama.
Kijifereji cha ukucha, chembamba kama kope,
kimechimbwa upande mmoja tu wa bapa.
"Aliyekitengeneza alidhani dunia nzima ni ya kulia."
Akaninyooshea dole gumba la kushoto.
Shangazi yake alilifunga kitambaa mwaka mzima
ili mtoto ajifunze kula kama watu.
Kula alijifunza.
Kukata, hapana.

Miaka ishirini anakifungua kwa meno.
Akacheka, nikaliona jino lililolipa.

Tundu, nikamwambia, halina upande.
Nikatia alama kwa msumari, karibu na mgongo,
mbali na makali. Nikashusha keke ya mkono;
ile ya umeme ina pupa,
na chuma kikishageuka bluu kimekwisha,
utanoa hadi Idi, hakikati hata mkate.
Tone la mafuta ya cherehani. Zungusha.
Maji. Zungusha. Maji.

Tundu la kwanza lilipitisha penseli.
Dole lilipiga hodi, halikukaribishwa.

Nikatwaa tupa, ile mkia wa panya,
nikalivuta duara taratibu likawa yai,
unga wa chuma ukidondoka mapajani,
na yeye kachuchumaa mbele yangu, hapepesi,
kama anayechunga maziwa jikoni.
"Bado." Nikasugua. "Bado kidogo."
Mbele ya hapo bapa lingebaki uzi.
"Basi."

Akalijaribu. Likamng'ata.
Hakusema kitu, alinyonya dole tu,
nami nikaona haya kama mwenye mbwa mkali.
Tundu jipya lina meno pande zote mbili,
nilijua, haraka ikanisahaulisha.
Nikachukua spoki kuukuu, nikaizungushia msasa,
nikalipaka kingo busara, ndani na nje,
mpaka uzi wa kanga ulipopita bila kunasa.

Tak.
Kwa kushoto. Akakikunja pajani.
Tak. Mpita njia akageuka.
Tak, na safari hii hakutazama kisu,
alitazama ng'ambo, kwenye mwembamba wa mstimu
ambao mtu angedhani una macho ya kubebeshwa.

"Kiasi gani?" Nikataja. Akapunguza. Nikakubali.
Noti ilikuwa tayari katika mkono wa kushoto;
akasita, akaihamisha,
akanipa kwa kulia. Adabu ni adabu.

Nami nikaipokea kwa kushoto.
Kulia kulikuwa bado na tupa.