Mia Tano kwa Ukurasa

Hotuba zake nazichapa mimi,
hapa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
kati ya fundi baiskeli na muuza viazi karai.
Mia tano kwa ukurasa. Spirali ni bei nyingine.
Mheshimiwa Shekivuli hupenda herufi kubwa,
hupenda neno MAADILI likolezwe wino,
na mara zote hulileta limeandikwa "mahadili".
Mimi nalinyoosha. Ndiyo kazi.

Januari ilikuwa kamari.
"Kamari inawala watoto wetu wakiwa hai."
Niliipenda hiyo, nikairudia kimoyomoyo nikipika.
Ijumaa yake akaleta mkataba wa pango, nakala nne:
fremu mbili Chumbageni, mashine kumi za kutumbukiza sarafu,
mpangaji ni shemeji yake,
mwenye saini ndogo kama alama ya mende.

Machi ilikuwa mikanda. Tukaze mikanda,
zahanati isubiri paa, wajawazito wavute subira,
nchi hujengwa kwa kujinyima.
Karatasi zilikuwa bado zina joto la mashine
alipoagiza kadi mia tatu za harusi ya kijana wake,
maandishi ya dhahabu, na njiwa wawili juu.
Njiwa wa kwanza aliwakataa.
Wamekonda, alisema.

Kibwana, kijana ninayemfundisha kazi,
ndiye aliyeifunga spirali siku ile umeme umekatika mara tatu.
Tangamano, spika zinakoroma,
Mheshimiwa akafunua ukurasa wa tano
akasoma kwa sauti yake ile ya kulialia:
"Ndugu zangu, kadi mia tatu pamoja na bahasha,
malipo ya awali nusu."
Akanyamaza. Akaikodolea karatasi
kama mtu aliyekuta unywele kwenye wali.
Na watu, Mungu atusamehe, wakapiga makofi.
Kinamama wa fulana mpya wakapiga vigelegele.
Fundi baiskeli alinambia baadaye kwamba yeye ameielewa vizuri:
bahasha zinakuja.

Hayo nacheka. Lipo moja sicheki.

Agosti aliwageukia mabinti.
Aliyepata mimba asirudi darasani,
atawaambukiza wenzake, kama surua.
Kurasa sita. Nilizichapa.
Chausiku wa jirani alikuwa pale nje anapanga maandazi kwenye sinia;
sketi yake ya kidato cha pili
mama yake ameishona foronya.

Hazijapita wiki mbili, saa tatu usiku,
mlango nimeshaushusha nusu, akainama kuingia.
Hakuja na dereva.
Barua ya uhamisho, ya bintiye, shule ya mbali huko bara.
Sababu: afya.
Binti alibaki garini, amejitanda mtandio mzito, joto lote lile.
"Iandike vizuri," akanambia,
na kwa mara ya kwanza sauti haikuwa ya jukwaani.
Ilikuwa ya baba, basi.
Ningempenda, angalau kwa robo saa,
kama sauti hiyo angekuwa nayo pia
kwa mtoto wa mwenzie.

Mahasimu wake walikuja kunibembeleza:
kwako hupita kila kitu, tupe karatasi moja tu.
Sikuitoa. Yule binti hajapanda jukwaani kumtukana mtu.
Lakini msinisifu.
Mimi ndiye niliyelinyoosha lile neno,
niliyemwekea mkato pale pa kuvutia pumzi,
na hela ya zile kurasa sita nilinunulia unga.

Jana amerudi. Flashi ile ile, kifuniko kimepotea.
Kurasa nane: UWAZI NA UWAJIBIKAJI.
Nikamwambia elfu nne, spirali mbali.
Akapapasa mifuko, akatabasamu,
"Niandikie, mama."

Nimemwandikia.
Daftari la madeni lina jalada jekundu,
na Kibwana, nimemsema mpaka nimechoka,
huliacha wazi juu ya kaunta,
limegeukia upande wa wateja.