Damu ya Kulinganishia

Umeme ulikatika dakika ya kumi na nne
kati ya ishirini.
Nikakaa gizani na beseni langu la plastiki,
chembe za damu za wanawake tisa zimelala ndani ya jeli
kama mbegu za nyanya,
jenereta inakohoa uani, haiwaki,
nami najua kesho nitaanza upya:
kuomba radhi, kuomba damu.

Mama Kaindu wa Ruashi hakununa.
Alipandisha mkono wa blauzi,
vumbi la kijani bado limo kwenye mikunjo ya kiwiko.
"Chukua. Mawe yamechukua zaidi."
Miaka kumi na mmoja anachambua malakiti kwa vidole,
goti moja majini.

Aliuliza, nikamweleza.
Ndani ya kila chembe mna uzi mrefu, umekunjwa.
Uzi mzima, ukiupitishia umeme, hauendi mbali,
unabaki duara, umetulia kama sahani.
Uliokatika huvutwa kuelekea chanya,
vipande vidogo vinatangulia, vikubwa vinajikokota,
na chini ya darubini, ukishatiwa rangi,
ni nyota yenye mkia.
Mkia mrefu, majeraha mengi.
Halafu kuna kimeng'enya tunachokidondosha,
kinapapasa uzi kama mshonaji
anayetafuta gizani pindo lililofumuka.
Kikikuta herufi iliyoshika kutu, kinakata papo hapo.

"Herufi zinashika kutu?"
Zinashika, mama. Kama bati.

"Basi nina saratani."

Hapana. Mkia si saratani.
Chembe hujishona. Jioni hii, ukisonga bukari,
sindano nyingi zitapita ndani yako bila kelele.
Ila siku moja sindano hurudisha herufi isiyo yake,
kosa linanakiliwa, nakala inazaa nakala,
na chembe iliyopaswa kufa inasahau zamu yake.
Siku gani, sijui. Mashine haijui siku.

Alishusha mkono wa blauzi.
"Sasa mashine yako inajua nini?"

Inajua kuhesabu.
Nyota mia kwa kila mtu, jicho la kulia,
jicho la kushoto likichoka kufumba.
Mtu mzima wa afya naye ana mikia michache,
mitano, minane; kuishi kwenyewe kunakwaruza.
Nambari nne alikuwa na sitini na mbili.
Sitaji jina. Hata mwenyewe nililifunika kwa plasta
nisilione nikihesabu.

Damu ya kulinganishia ilikuwa yangu.
Mimi sichambui mawe. Nina glavu, nina kiti cha magurudumu,
nina sabuni ya mkono yenye harufu ya limau.
Nilitegemea sahani mia.

Ya kwanza, duara.
Ya pili, duara.
Ya tatu
nikasafisha lenzi.
Nikasafisha tena.

Arobaini na moja.

Nilizaliwa kambi ya wafanyakazi,
dirisha letu likitazama bomba la moshi na ule mlima mweusi wa takataka za tanuri.
Baba, Sompwe, akirudi zamu ya usiku
nilimkimbilia mpaka kwenye geti, nikabusu kola yake.
Ilikuwa na ladha ya sarafu.
Miaka yote hii nimedhani ile ilikuwa ladha ya baba.

Profesa alitazama jedwali, akavua miwani,
akaifuta kwa tai ingawa ilikuwa safi.
"Hii haifai kulinganishia. Tafuta mtu mwingine,
ambaye hakulishwa vumbi la hapa."

Tangu Jumatatu nazunguka na kisanduku cha barafu.
Kamalondo, Katuba, soko la Kenya.
Muuza mikate alidhani natafuta mchumba,
akanitajia mpwa wake, fundi wa redio, kijana mpole,
amezaliwa pale pale nyuma ya tanuri.
Barafu inayeyuka, inanilowesha sketi.
Nina sindano sita, pamba, na swali moja
ninalomuuliza kila anayesimama:

wewe ulikulia upande gani wa upepo?