Nilichomtia Kinywani

Mia tano mlangoni, watoto mia mbili.
Mabenchi ya mbao, turubai, jenereta nyuma ya ukuta
inakohoa kama mgonjwa asiyetaka kulala.
Mimi ndiye sauti. Nakaa kando ya skrini
na kipaza sauti kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli,
nawafasiri Wachina, Wahindi, Wamarekani
kwa Kiswahili cha Arua, kile cha baba yangu wa kambini,
na Kilugbara kidogo pale panapouma.
Kichina sikijui. Nani anakijua?
Natazama mdomo, natazama jicho, najaza.

Ile picha ya ndugu wawili.
Mdogo anauawa mapema, kabla karanga hazijaisha.
Mkubwa anatembea saa nzima kwenye mvua, hasemi kitu,
mpaka anamkuta muuaji jikoni, amepiga magoti,
anamwekea bastola kwenye paji, anatamka neno moja, mawili.
Yule wa chini anaitikia kwa kichwa.
Hapo niliona pamepwaya. Nikamtia kinywani:
"Deni la damu halingoji mwisho wa mwezi!"
Na kile kichwa nikakifasiri: "Nakubali. Jilipe."
Ukumbi ulisimama. Benchi moja ilivunjika.
Mwenye ukumbi akaniongezea soda.

Wiki ya pili Andama wa Awindiri, kijana wa studio,
aliichukua sentensi yangu akaitia ngoma chini.
Hakuniomba. Wala sikudai; nilijisikia mtu.
Ikalia kwenye bodaboda, ikalia kwa kinyozi,
harusini Mvara bibi harusi mwenyewe aliikatikia.
Wanafunzi waliichonga kwenye madawati.
Aliyeachwa na mpenzi aliituma kwa simu.
Deni la damu, deni la damu,
na hakuna aliyekuwa amekatwa hata kidole.

Drati aliijua kuliko wote.
Mtoto wa Ayikoru wa mihogo, miaka kumi na saba,
kila Jumamosi benchi ya mbele,
midomo yake ikiitangulia yangu.

Alikamatwa na betri ya pikipiki, Jumanne, saa tatu asubuhi,
karibu na maegesho ya malori ya Kongo.
Nilikuwa nanunua vocha.
Kwanza nilisikia wimbo, nikadhani ni redio.
Walikuwa watu. Walikuwa wanapiga kwa mdundo wake,
na sentensi ilikuwa yangu, herufi kwa herufi,
hata ile pumzi ninayovuta kabla ya "halingoji".
Betri.
Hakukuwa na damu iliyokuwa inadaiwa.
Sikusema kitu. Mimi, sauti,
nilisimama na vocha mkononi, sijaikwangua.

Jumamosi nafasi yake ilikaliwa na mwingine, aliyelipa mia tano.

Mwezi baadaye akaja Asiku, dereva wa katapila,
miaka minne na Wachina wa barabara.
Aliitazama ile picha huku akila, akacheka mpaka akapaliwa.
"Wewe mwongo. Hakusema hivyo.
Anamuuliza: Una mtoto?"
"Na yule?"
"Si umeona? Anaitikia. Anaye."

Nimeirudia Jumamosi iliyopita; waliidai wenyewe.
Mvua, jikoni, magoti. Ukumbi mzima ukavuta pumzi
ili tuipige pamoja.
Nikasema, "Una mtoto?"

Kimya. Kisha maganda ya karanga, kisha matusi,
mmoja akataka arudishiwe mia tano yake.
Na gizani, kule nyuma wanakokaa mafundi wa pikipiki,
sauti ya mtu mzima, taratibu,
kama anayemjibu karani wa hospitali:
"Wawili."

Bastola ikalia. Picha haibadiliki.